Hakuna Treni ya Kwenda Jana

Nyie vijana mnaoshinda kwenye benchi la fundi simu pale Shanwe, hapa Mpanda, haya nawaandikia nyie. Nimestaafu kuendesha treni, kukasirika sijastaafu. Na hasira ya safari hii mmenipa wenyewe, kwa ile video mliyokuwa mkirushiana siku ile tangu asubuhi, ya yule bwana mwenye miwani myeusi anayesema mtu akipanda treni, ikaenda kasi kuliko mwanga, atashuka jana.

Atashuka jana. Kituo gani hicho, na mkuu wa kituo ni nani? Nimeendesha treni kati ya Tabora na Mpanda mpaka mvi zikanikuta ndani ya kofia, na sijawahi kumpeleka abiria jana hata mmoja. Kesho nimewapeleka, hilo silikatai. Wapo niliowapeleka kesho kutwa, na matusi yao bado nayakumbuka. Lakini jana hapana, na huyo bwana hajawahi hata kushika breki ya baiskeli, ukimtazama mikono yake utajua.

Mlicheka sana siku ile. Mmoja wenu hakucheka. Masanja, yule kijana wa Kisukuma anayeendesha fuso la kubeba mpunga kutoka mashambani kuja mashineni, alikuwa amesimama nyuma yenu na soda yake imepata moto mkononi. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Rajabu, treni ikienda kasi kweli kweli, mtu anaweza kurudi hata siku moja tu nyuma?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akaoshe gari. Akainamisha kichwa, akaondoka. Nilipofika nyumbani nikaanza kulifikiria lile swali, maana anayeuliza kwa mchezo huuliza habari za kurudi enzi za wafalme. Huyu alitaka siku moja tu.

Nitarudi kwa Masanja. Kwanza niwaambie habari za kasi, kwa sababu mnaiongelea kama mnavyoongelea mpira wa Ulaya, kitu mnachokiona kwenye kioo tu.

Treni haina usukani. Nalisema hili kwa sababu kila kijana ninayekutana naye huniuliza usukani wake mkubwa kiasi gani. Reli ndiyo inayojua njia. Kazi ya dereva ni kuondoka, kwenda mwendo ulioruhusiwa, na kusimama, na kubwa kuliko zote ni kusimama. Mabehewa yaliyojaa watu, magunia na madumu ya asali hayasimami kwa sababu wewe umemwona ng'ombe relini. Unaanza kusimama wakati abiria bado wanasifia mandhari. Dereva mzuri anaishi mbele ya treni yake, na bado hajawahi kuifika kesho kabla ya wenzake.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Pius, Mfipa mmoja mpole, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti na ndiyo maana nilimwogopa. Siku moja tulitoka Kaliua tumechelewa. Nilikuwa bado nafundishwa, akaniachia mashine. Nikaona huu ndio wasaa wangu wa kurudisha muda. Palipokuwa na njia nyoofu nikaikamua treni mpaka mwisho wa ruhusa, mabehewa yakaanza kulalamika. Mzee Pius akamimina chai yake. Tukafika kwenye kituo cha kupishana, pale reli moja inapokuwa mbili ili treni ziachane. Ya mizigo iliyokuwa inatoka Mpanda haikuwa imefika, na reli ni moja, hata uwe na kasi ya radi utamsubiri mwenzako. Tukasubiri. Mzee Pius akalala, akaamka, akala muhogo wake wa kuchoma, akajifuta mikono taratibu.

"Rajabu," akasema, "zile dakika ulizokuwa unazikimbiza ziko wapi? Nipe moja ninywee chai."

Wenzangu walinitania kwa maneno hayo mpaka nilipostaafu. Kila nikiomba chumvi mezani naambiwa, mpe na dakika moja.

Na kuna jambo jingine alilonifundisha, hili lisikieni vizuri hata nyie wa bodaboda. Masika, reli ikilowa na majani yakidondoka juu yake, ukifika kwenye mlima magurudumu yanaanza kuteleza. Injini inanguruma. Geji ya mwendo inapanda, inaonyesha unakimbia. Ukitazama dirishani, mti uliokuwepo bado upo. Dereva mjinga anaongeza moto, anadhani nguvu ndiyo imepungua. Anakula chuma cha reli, anakula magurudumu, na treni iko palepale. Anayejua kazi anapunguza mpaka gurudumu litulie, anaachia mchanga kidogo udondoke juu ya reli mbele ya gurudumu, halafu anaanza upya, polepole, kama anamwamsha mtoto. Mchanga tulikuwa tunauchekecha wenyewe, tunaukausha juani, kwa sababu mchanga mbichi unagoma kushuka. Hiyo ndiyo siri yote ya kupanda mlima, na haiko kwenye video.

Sasa mnaniuliza, mzee, kwani wewe hujawahi kuona jana imerudi? Nimeiona mara moja, na haikuletwa na kasi.

Kabla ya kuufikia mto Ugalla kuna kituo kimoja kidogo, porini, watu wake warina asali na wakulima wa muhogo. Mnada wao haukuwa wa Jumamosi wala Jumatano. Ulikuwa unaitwa siku ya treni. Treni ikipiga honi kule kwenye kona, kuku wanafungwa miguu, madumu yanatolewa, watoto wanaogeshwa, hata mikutano ya ukoo ilikuwa inapangwa siku hiyo kwa sababu ndipo ndugu wa mbali hushuka. Mwaka huo mvua ilikata njia, maji yakazoa kokoto chini ya reli. Tukalala porini kusubiri mafundi wa njia. Tulipofika pale kituoni, tulikuwa tumechelewa siku nzima, ni saa ile ile tuliyotakiwa kufika jana yake.

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake nikakuta mnada umejaa. Abiria wangu mmoja, mfanyabiashara wa vitenge wa hapa Mpanda mjini, alishuka ameduwaa, akamwambia mama mmoja muuza asali kwamba hawa watu wamechanganyikiwa, mnada ulikuwa jana. Yule mama tulizoea kumwita Mama Asali. Akamtazama yule bwana kwa huruma kabisa.

"Jana treni haikuja," akasema. "Mmefika, basi leo ndiyo siku yenyewe."

Na kulikuwa na harusi pale. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ndani ya behewa langu, amelia njia nzima kwamba ameikosa. Alimkuta binti bado hajapakwa hina, wanamsubiri. Behewa zima la watu waliochelewa, na hakuna hata mmoja aliyechelewa. Mimi nilicheka sana, nikawaona watu wa porini hawajui kalenda. Nilikuwa kijana, na kichwa changu kilikuwa kama vyenu.

Turudi kwenye video. Nyumbani kwangu kuna mpangaji, Mwalimu Neema, anafundisha fizikia sekondari. Nilimvamia akichambua mchicha uani. Nikamwambia hasira zangu zote, kwamba watu wa fani yake wanawadanganya watoto, na kwamba wanatumia jina la treni bila ruhusa. Kwa nini treni? Kila mfano wao ni treni. Mtu amesimama stesheni, mtu amekaa kwenye treni, taa inawaka ndani ya treni. Wamewahi kumuuliza dereva hata mmoja?

Akacheka mpaka mchicha ukamwagika. Akaniambia wakati wataalamu wale wanafikiria mambo hayo, treni ndiyo iliyokuwa kitu cha kasi ambacho kila mtu anakijua. Ilikuwa heshima, Babu, akasema. Hapo nikatulia kidogo, sikutulia sana.

Nikamtaka anieleze ukweli, bila miwani myeusi. Akanieleza kwamba jambo lenyewe si uongo wote. Saa ya mtu aliye kwenye mwendo inakwenda polepole ikilinganishwa na saa ya aliyebaki stesheni. Wamelipima hilo hata kwa ndege, ila kwa mwendo wetu tofauti ni ndogo mno, hakuna mtu wa kuihisi. Kadiri unavyoukaribia mwendo wa mwanga ndivyo tofauti inavyokua. Lakini kitu chochote chenye uzito hakiwezi kuufikia mwendo huo, maana kila ukisogea kidogo kinadai nguvu zaidi na zaidi, bila mwisho. Wapo wanaochezea hesabu wakasema kitu kikiupita mwanga mambo yanaweza kugeuka. Kitu hicho hakuna aliyewahi kukiona.

"Kwa hiyo saa inarudi nyuma?" nikauliza.

"Hairudi, Babu. Inakwenda polepole, lakini mbele."

"Na huyo aliyekimbia sana, akirudi stesheni?"

Akaacha kuchambua mchicha. "Atawakuta aliowaacha wamezeeka kuliko yeye. Pengine hatawakuta. Atakuwa ameingia kwenye kesho yao, na kurudi hakuna."

Nilisimama pale nikaona hasira yangu inabadilika rangi. Mwanzo nilidhani yule bwana wa video ni mjinga tu. Kumbe ameugeuza ukweli kichwa chini miguu juu. Kasi inakunyang'anya watu wako, na yeye anawauzia watoto wenye majonzi kwamba itawarudishia. Mkimjua anakokaa nielekezeni.

Nikaenda kumtafuta Masanja. Nilimkuta amelala chini ya fuso anakaza nati. Nikamwambia toka huko. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, neno kwa neno, mpaka ile ya kwamba mwenye kasi anawakuta aliowaacha hawapo. Alisikiliza amekaa kwenye vumbi, spana mkononi, halafu akaanza kunieleza yake.

Baba yake, Mzee Luhende, alikuja huku kutoka kaskazini akiswaga ng'ombe, wakajenga Mwamkulu. Masanja ndiye mtoto wa kwanza. Alitakiwa ashike fimbo nyuma ya ng'ombe, yeye akataka magari. Wakagombana. Siku anaondoka na leseni yake mpya alimwambia baba yake kwamba hatarudi kwenye mavi ya ng'ombe. Baadaye Masanja akiwa Sumbawanga na mzigo akapigiwa simu, mzee amezidiwa, anamwita. Akaliwasha gari. Anasema hajawahi kukimbia vile maishani mwake, na mimi naamini, kwa sababu alipofika kwenye kona moja gari likamshinda, likaingia mtaroni na mzigo wake. Mpaka limevutwa na limetengenezwa, mzee ameshafariki na jua lilikuwa kali, wazee wakaamua azikwe. Masanja alifika Mwamkulu watu wanatoka kaburini na majembe begani. Akawaona. Aligeuza gari hapo hapo kabla ya kufika nyumbani, akaja kupanga chumba Shanwe, na mavuno yamekuja yamepita hajakanyaga tena kule.

"Nilitaka siku moja tu, Mzee," akasema. "Nimkute bado anapumua. Nimwambie anisamehe. Basi."

Hapo mtu mwenye roho nzuri angempa pole. Mimi moto ulinipanda mpaka masikioni.

"Na mama yako je?"

Akataka kurudi chini ya fuso.

"Mama yako yuko hai. Mwamkulu ni hapo tu, mtu anakwenda kwa baiskeli kuuza maziwa na anarudi kabla ya chai. Unatafuta treni ya kasi ya mwanga umfuate aliye kaburini, na aliye hai unampita kila siku na magunia ya mpunga. Unadhani kwake saa imesimama? Yeye ndiye aliyebaki stesheni, Masanja. Anazeeka yeye."

Akasema nitaanzaje, Mzee, nimechelewa mno, watu watanitazamaje. Nikamwambia gurudumu lake linateleza. Linazunguka, linanguruma, na mti uko palepale dirishani. Apunguze, atie mchanga, aanze polepole. Sijui kama alinielewa, kwa sababu habari za mchanga nilikuwa sijamweleza. Ila alisimama, akajifuta mikono.

Njiani alitaka kukimbia. Nikamwambia aendeshe kama anavuka daraja bovu. Bodaboda ikatupita. Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ikatupita, mwenyewe akageuka kututazama. Masanja akaniangalia, mimi nikaangalia mbele. Nilitaka afike akiwa mzima, na nilitaka apate muda wa kuogopa njiani, hofu iishie huko huko.

Tulifika alasiri. Mama yake alikuwa anapepeta mpunga kivulini mwa nyumba. Ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na kigoda, na fimbo imeegemezwa juu yake. Kila kitu kingine uani kilikuwa na vumbi la mapumba isipokuwa hivyo viwili. Masanja alishuka, akaacha injini inaunguruma. Nilijua kwa nini ameiacha, alishawahi kugeuza mara moja.

Mama hakusimama. Alilitazama lile fuso kwanza, kwa muda.

"Hili gari niliwahi kuliona mgongo," akasema. "Uso wake ndiyo nauona leo."

Kumbe alimwona siku ile ya mazishi. Masanja akapiga magoti kwenye mapumba. "Mwadila, mayu," akamwamkia mama yake kwa Kisukuma chao. Mama alimwacha pale chini kidogo, akamalizia ungo aliokuwa nao, ndipo akamwitikia. Nilimsifu moyoni. Mama mwingine angemrukia shingoni, na kijana asingejua uzito wa alichokifanya.

Akanipa kiti, akanieleza mimi, kana kwamba mwanawe hasikii, jinsi mambo yalivyokaa. Ndugu wa marehemu walikuja baada ya mavuno kuondoa matanga, ambapo mtoto wa kwanza anakabidhiwa fimbo ya baba yake mbele ya ukoo. Mtoto hayupo, wakasema apewe anayemfuata. Mama akakataa, akawarudisha. Wakaja tena, akawarudisha tena. Majirani wakasema msiba umemvuruga akili, siku zimepita, matanga gani haya yasiyoisha. Yeye akawa anafuta vumbi kwenye kigoda cha mumewe na fimbo yake kila asubuhi na kuendelea na mpunga wake. Aliniambia na jambo moja zaidi, na hili alilisema akimtazama Masanja: kwamba mzee alipokuwa anakata roho aliuliza kama gari limefika, akaambiwa liko njiani, akasema vyema, mwanangu asikimbizwe.

Kijana alilia kwa sauti. Na mimi nililia, na nikakasirika kwamba nalia mbele ya kuku wa watu. Nilimkumbuka yule mama wa kule porini niliyemcheka, na madumu yake ya asali, na binti ambaye hakupakwa hina mpaka shangazi ashuke. Nyie wa benchi mnataka mashine. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke aliyeishika siku moja kwa mikono yake asiiachie ipite, bila umeme, bila mafuta, ukoo mzima ukimvuta upande wa pili, na hakuna aliyempiga video.

Masanja akafuta uso. "Lakini mayu, siku yenyewe imeshapita."

"Imepita kwenda wapi? Wewe hukuwepo." Akaegemeza ungo ukutani, akanyanyuka, magoti yakamlia. Akamwita binti wa jirani akimbie kwa baba mdogo, amwambie aje na ndugu, na watu wa zizini wachague ndama. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Umefika, leo ndiyo siku yenyewe," akasema. "Nenda kazime gari."

Masanja akaenda, akalizima.